Kadenza Mpya katika Konseto ya Beethoven

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikiliza rekodi mbili za konseto ya fidla ya Beethoven, yaani kazi ya mpiga fidla mmoja pamoja na okestra, na sehemu ambayo mpiga fidla hubaki peke yake haifanani hata kidogo. Je, inaruhusiwa kubadili kazi ya mtunzi?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna kilichobadilishwa. Sehemu hiyo huitwa kadenza, na Beethoven, ambaye konseto yake ilipigwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna mwezi Desemba 1806 na Franz Clement, hakuacha kadenza ya fidla. Aliacha nafasi tu, okestra inyamaze na mpigaji atoe yake. Wengi hupiga za wapiga fidla Joseph Joachim au Fritz Kreisler, ambazo zimezoeleka kana kwamba ni za Beethoven mwenyewe. Mpiga fidla Gidon Kremer alirekodi za mtunzi Alfred Schnittke, zenye mwangwi wa watunzi wa karne ya 20, na mimi naziona halali kabisa. Mpiga fidla Wolfgang Schneiderhan naye alirudi kwenye kadenza ambayo Beethoven aliiandika alipoigeuza konseto hiyo kuwa ya piano, ambamo ngoma za timpani huungana na mpigaji. Anza na hiyo, kisha umsikilize Kremer.