Asilimia 93 si ya lugha ya mwili peke yake
Je, ni kweli kwamba unapozungumza na mtoto, asilimia 93 ya mawasiliano ni lugha ya mwili? Hapana, takwimu hiyo haikutokana na mazungumzo ya wazazi na watoto. Ilitokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian yaliyochapishwa mwaka 1967, ambayo yalipima jinsi msikilizaji anavyotambua hisia za msemaji pale neno, sauti na sura vinapopingana. Na hata katika hizo 93, asilimia 38 ni ya sauti, si ya mwili. Hata hivyo, mgongano huo ndio hasa unaomfunga mtoto mdomo: ukimwambia “niambie tu, sitakasirika” huku umekunja uso na jicho moja liko kwenye simu, ataamini uso. Weka simu kando, keti ili macho yenu yawe usawa mmoja, kisha mwache amalize, hata akinyamaza katikati. Kwa aliyekwisha kubalehe, ningependelea kukaa ubavuni mwake mkikunja nguo, au kutembea naye, kwa kuwa kukaziwa macho humfanya ajione anahojiwa. Isitoshe, wapo watoto, hasa baadhi ya wenye usonji, ambao husikiliza vizuri zaidi wakitazama pembeni, kwa hiyo kuwalazimisha wakutazame hakusaidii.