Katuni, riwaya ya michoro na manga: maneno ya mhakiki

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Morogoro, na kila mwezi huandika maoni kuhusu vitabu vipya vya katuni nilivyosoma ili wenzangu wajue kipi wakitafute. Hivi karibuni niliandika: “Leo nawapendekeza manga haya mapya, toleo la tatu, riwaya ya picha nzuri sana kwa kila mpenzi wa katuni.” Rafiki yangu wa Mombasa akaniambia kwamba sentensi hiyo moja ina makosa manne, ila hakunieleza ni yapi. Naomba unisaidie. Tena, kazi hii ninayoifanya niiite uhakiki, mapitio au uchambuzi?

JIBU: Marahaba. Rafiki yako ana jicho kali, na makosa aliyoyaona yapo kweli, ingawa si yote yenye uzito sawa. Mawili ni ya sarufi na yanarekebishika kwa dakika moja. Mawili mengine ni ya kuchagua jina la kitu, na hayo ndiyo yanayomgusa zaidi mtu anayependekeza vitabu, kwa sababu msomaji wako atakwenda dukani au maktabani akiwa ameshika jina ulilompa wewe. Ukimwambia “katuni” naye akamnunulia mtoto wa miaka saba kitabu cha vita na mateso, lawama si ya mwuza vitabu.

Tuanze na neno katuni lenyewe. Lilitoka kwa Kiingereza, likakaa, na leo ni letu: katuni hii, katuni hizi, mchora katuni, wachora katuni. Limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko lilivyokuwa likibeba lilikotoka. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru aliitwa katuni. Juha Kalulu wa Edward Gitau, ambaye wasomaji wa Taifa Leo walimfuata kwa miongo mingi, ni katuni. Lodi Lofa na Ndumilakuwili wa jarida la Sani ni katuni. Michoro ya kisiasa ya Gado, Mtanzania aliyejijengea jina katika magazeti ya Kenya, ni katuni pia. Halafu mtoto akiomba awashiwe televisheni aone katuni, anazungumzia filamu. Kwa hiyo neno hili linataja mchoro mmoja wa kejeli, hadithi fupi ya visanduku vinne, kitabu cha kurasa mia tatu na filamu ya saa moja na nusu. Si kosa kulitumia. Kosa ni kuliacha peke yake pale msomaji anapohitaji kujua ni kipi kati ya hivyo. Andika “kitabu cha katuni”, “hadithi ya katuni katika gazeti”, “filamu ya katuni”, na utata utaondoka.

Kibonzo, neno linalosikika zaidi Tanzania, lina shida ya namna nyingine. Kiambishi ki- kinalipa ladha ya udogo na mzaha, na ndiyo sababu linakaa vizuri kwa mchoro wa kuchekesha wa ukurasa wa ndani wa gazeti. Sasa chukua Maus ya Art Spiegelman, iliyopewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Humo mchoraji anasimulia jinsi baba yake alivyonusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akiwachora Wayahudi kama panya na Wanazi kama paka. Kukiita kitabu hicho kibonzo ni kukivua uzito wake kabla msomaji hajafungua jalada. Ninalitaja hili kwa msisitizo kwa sababu nimekuwa nikiona vitabu vya namna hiyo vikiwekwa kwenye rafu ya watoto kwa sababu ya jina tu.

Hapo ndipo wengi hukimbilia “riwaya ya picha”, kama ulivyofanya. Nia ni njema, lakini maneno yote mawili yana kasoro. Picha kwetu ni neno pana mno: ni ya kamera, ni ya kuchorwa, na watu wazima wengi bado husema wanakwenda kuangalia picha wakimaanisha filamu. Tena Afrika Mashariki tumewahi kuwa na hadithi za picha hasa, zilizopigwa kwa kamera na kupangwa kwa visanduku huku maneno ya wahusika yakiandikwa juu yake. Waliosoma jarida la African Film katika miaka ya 1960 na 1970 wanamkumbuka mpelelezi Lance Spearman. Msomaji wa umri huo akisikia riwaya ya picha, hicho ndicho kitakachomjia kichwani. Wa umri mdogo naye atafikiria kitabu cha picha cha watoto wanaoanza kusoma. Neno michoro linakata mzizi wa utata huo wote, kwa kuwa halisemi lolote ila kwamba kuna mkono ulioshika kalamu.

Kasoro ya pili iko katika riwaya. Katika masomo yetu ya fasihi, riwaya ni masimulizi marefu ya kubuni. Kitabu cha Spiegelman si cha kubuni. Wala Persepolis si cha kubuni, ambamo Marjane Satrapi anaeleza utoto wake nchini Iran wakati wa mapinduzi na vita. Kiingereza kimezoea kuviweka vyote chini ya jina moja la riwaya, lakini hatulazimiki kurithi ulegevu huo wakati tuna maneno bora. Mtu akisimulia maisha yake mwenyewe, tuna tawasifu. Akisimulia ya mwingine, tuna wasifu. Basi Persepolis ni tawasifu ya michoro. Hadithi ndefu ya kubuni ni riwaya ya michoro. Pale usipotaka kufunga mlango upande wowote, sema simulizi ya michoro. Ninakiri kwamba haya si maneno ambayo kila mtu anayatumia leo. Ni mapendekezo yangu, na nimeyachagua kwa sababu msomaji anayeyakuta kwa mara ya kwanza huyaelewa bila maelezo. Komiki nalo si baya, hasa kwa majarida membamba yanayotoka mfululizo; liandike kwa tahajia yetu na ulipatanishe kama katuni: komiki hii, komiki hizi.

Sasa manga, yaani katuni za kusoma za Kijapani, neno ambalo ndilo lililonifurahisha zaidi katika barua yako. Uliandika “manga haya mapya”, bila shaka kwa sababu sikio lako lilisikia ma- ya maembe na maua. Lakini ma- hiyo si kiambishi cha wingi. Ni sehemu ya neno la Kijapani, na ukiiondoa, neno halibaki. Majina ya kigeni ya namna hii huingia katika ngeli ya I/ZI: manga hii mpya, manga hizi mpya, manga ya Naoki Urasawa, manga za miaka ya 1980.

Kuna jambo jingine ambalo Mjapani hawezi kuliona ila Mswahili hulihisi. Sisi tulikuwa na Manga yetu kabla ya hii. Katika Kiswahili cha pwani, Manga ni Uarabuni, hasa pande za Maskati, na Mmanga ni Mwarabu aliyetoka huko. Jina hilo limebaki jikoni kwetu katika pilipili manga, katika kungumanga na katika komamanga. Kwa hiyo nimewahi kumkanya kijana mmoja aliyewaita wapenzi wenzake wa vitabu vya Kijapani “Wamanga”: kwa mzee wa Pemba au Lamu, neno hilo lina maana nyingine kabisa, na si la kuchezea. Sema “wasomaji wa manga” au “wapenzi wa manga”. Kuandika jina la vitabu kwa herufi ndogo na la nchi kwa herufi kubwa kunatosha kuvitenganisha katika maandishi.

Huko Japani neno hili ni la zamani. Mchoraji Katsushika Hokusai alianza mwaka 1814 kutoa vitabu vya michoro vyenye neno hilo katika jina lake. Wajapani hulitumia kwa katuni za kusoma za aina zote, za kwao na za kigeni. Nje ya Japani limebana, likawa la vitabu vya Kijapani tu. Ndiyo maana kijana wa Dar es Salaam akichora kitabu chenye macho makubwa na mistari ya mwendo kasi, ninashauri mhakiki aandike “katuni ya mtindo wa manga”, akihifadhi asili ya neno bila kumnyima mchoraji sifa yake. Na usiichanganye na anime, yaani filamu za katuni za Kijapani: manga husomwa, anime hutazamwa, hata kama hadithi ni ileile. Mwambie msomaji pia kwamba kitabu kinafunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa tafsiri nyingi siku hizi hufuata mpangilio wa Kijapani. Jambo hilo lisimtishe mtu wa pwani, ambako tendi zetu za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa mwelekeo huohuo.

“Toleo la tatu” ndilo kosa ambalo pengine rafiki yako hakulihesabu, nalo linaweza kumpotezea mtu fedha. Toleo ni mara ambayo kitabu kimechapishwa upya, au nakala ya jarida la wiki au mwezi fulani. Kitabu kimoja kati ya vingi vya mfululizo ni juzuu, neno ambalo kila aliyepita chuoni analijua kwa juzuu thelathini za Kurani. Manga nyingi huanza kwa sura moja moja katika jarida, kisha sura hizo hukusanywa katika juzuu. One Piece ya Eiichiro Oda ilianza mwaka 1997 katika jarida la kila wiki la Shonen Jump, na juzuu zake zimepita 100. Ukimwambia mtu atafute toleo la tatu la mfululizo kama huo, hajui kama anatafuta jarida la zamani, chapa mpya au kitabu cha tatu.

Kisha kitenzi. “Nawapendekeza manga” hakisemi ulichokusudia. Kupendekeza mtu ni kumtaja afikiriwe kwa nafasi fulani, kama vile wanachama wanavyompendekeza mwenzao awe mweka hazina. Ukiandika “nawapendekeza”, wanaopendekezwa ni wasomaji wako! Unahitaji kauli ya kutendea: nawapendekezea manga hii, nimekupendekezea kitabu, tulipendekezewa juzuu mbili. Kosa hili ni la kawaida mno, hata kwa watangazaji, na lina jirani mbaya zaidi, “kujipendekeza”, ambalo ni kutafuta kupendwa kwa kusifu sifa zisizostahili. Mhakiki anayepewa kitabu bure na mchapishaji ana kila sababu ya kuzijua tofauti hizi tatu.

Kuhusu jina la kazi yako, aya chache za kila mwezi zinazosema kitabu ni cha nani, kinahusu nini na kinamfaa nani ni mapitio. Uhakiki una asili moja na haki na hakika, na unadai zaidi: utoe hukumu na uitetee kwa ushahidi wa kurasa. Kwa bahati mbaya, Tanzania neno hilo limeazimwa na ofisi kwa maana ya kuthibitisha, kama uhakiki wa vyeti, lakini halijapoteza maana yake ya fasihi. Uchambuzi ni kutenganisha sehemu na sehemu, kama wachambuavyo karafuu kutoka kwenye vikonyo vyake. Katika kitabu cha michoro zipo sehemu ambazo mhakiki wa riwaya ya maneno hazimhusu: kisanduku, nafasi tupu kati ya visanduku, kiputo cha maneno, unene wa mstari. Taja watu wawili pia pale walipo wawili. Aya de Yopougon ilitungwa na Marguerite Abouet, mzaliwa wa Abidjan, na kuchorwa na Clément Oubrerie. Kusema “ameandika” pekee kunamfuta mmoja wao.

Sauti nazo zina haki yao. Manga imejaa tanakali, na Wajapani wana hata neno la sauti ya kimya, shiin, linalochorwa katika kisanduku ambamo hakuna anayesema. Nimeona wahakiki wetu wakilieleza kwa aya nzima, ilhali Kiswahili kinalo lake: kimya jii. Mtu akitumbukia majini ni chubwi, akianguka chini ni pu, akilala ni fofofo. Ukitaka msomaji asikie ukurasa ambao bado hajauona, mpe hizo. Ila mwisho wa hadithi usimwambie; huko ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi.

Sentensi yako, basi, ningeiandika hivi, nikikuachia wewe ujaze jina na kisa: “Leo nawapendekezea juzuu ya tatu ya manga hii mpya, riwaya ya michoro inayowafaa wasomaji wa kuanzia miaka kumi na mitano, inayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto.” Maneno “nzuri sana” nimeyaondoa. Weka mahali pake kisanduku kimoja kilichokufanya urudi nyuma ukisome tena, na useme ni cha ukurasa wa ngapi.