Shangazi, mume wangu ananunua kwa jumla lakini nafuu siioni

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu ameingiwa na homa ya kununua vitu kwa jumla. Mwezi uliopita alichukua pesa yetu ya dharura akaleta gunia la mchele mweupe la kilo 50, kilo 25 za unga wa ngano usiokobolewa, dumu la mafuta ya kupikia la lita 20, ndoo ya sabuni ya unga na bunda kubwa la karatasi za chooni. Anasema tumeokoa. Mimi naona unga umeshaingia wadudu, watoto wanamimina sabuni kama maji, na juzi mdogo alipougua tulikopa pesa ya dawa. Nikisema, naambiwa sijui hesabu. Tuko watu watano. Nani amekosea?*
*Mke wa Gunia*

Marahaba, mwanangu. Mumeo amepatia vitu vitatu, amekosea viwili, na kosa kubwa kuliko yote halimo stoo. Limo kwenye pesa aliyonunulia. Lakini kwa kuwa anakupiga kwa hesabu, tuanzie huko huko.

Chukua bei ya gunia, ongeza nauli na gharama ya kulibeba, kisha gawanya kwa kilo. Fanya hivyo hivyo kwa pakiti ndogo mliyokuwa mkinunua. Hizo namba mbili ndizo za kulinganisha, na simu yoyote ina kikokotoo. Usikubali kwamba kikubwa lazima kiwe rahisi. Pakiti kubwa huweza kuwa ghali kwa kilo kuliko ndogo, hasa ndogo ikiwa imepunguzwa bei, na muuzaji anajua wateja wengi hawagawanyi. Gunia nalo lipimeni kwenye mizani, msiamini maandishi peke yake. Karatasi za chooni usihesabu roli, soma idadi ya vipande na tabaka zake, maana roli nene inaweza kuwa imezungushwa kwa ulegevu tu. Sabuni ya kufulia hesabu mafuo inayotoa, si uzito, kwa sababu moja huwa nzito ya dawa na nyingine imejazwa vitu visivyosafisha.

Tuseme umepata tofauti ya 20%. Hapo ndipo watu wengi hufunga daftari, na ndipo hesabu ya kweli inapoanza. Ukitupa sehemu moja ya tano ya ulichonunua, nafuu yote imekwenda. Na hata usipotupa chochote, matumizi yakipanda kwa robo, umerudi palepale: unalipa kidogo kwa kila kilo lakini unamaliza kilo nyingi zaidi. Tazama sabuni yenu. Kiasi kilichokuwa kinawatosha siku saba, kikiisha siku ya tano, matumizi yamepanda kwa 40%. Ili mfidie hilo, bei ya ndoo ingepaswa kuwa chini kwa karibu 29%, na sidhani kama mumeo alipata punguzo hilo.

Watoto hawana ubaya. Kitu kikionekana kingi, mkono hulegea, hata wa mtu mzima. Watafiti wa masoko Kusum Ailawadi na Scott Neslin walilichunguza jambo hili katika utafiti wa mwaka 1998, wakilinganisha mtindi na sosi ya nyanya: mtindi ukiwa mwingi nyumbani huliwa haraka zaidi, sosi si sana. Kwa hiyo vitu vitamu na vya kutafuna usivinunue kwa wingi kabisa. Kwa sabuni, ndoo ifungiwe stoo. Bafuni kikae kikopo kidogo cha wiki moja na kijiko cha kupimia. Ikiisha kabla ya wiki, aliyeimaliza aje aeleze. Funga mfuniko vizuri pia, unyevu huigandisha sabuni ya unga ikawa jiwe.

Sasa unga. Kwanza, usikubali kuambiwa wadudu wameingia kwa sababu ya uchafu wako. Mara nyingi mayai huja na unga au nafaka kutoka kinuni au ghalani. Joto la nyumba huyaangua tu. Kosa lilikuwa kununua kilo 25 za unga usiokobolewa. Kiini cha ngano kina mafuta, na kikishasagwa mafuta hayo hukutana na hewa. Mahali penye joto unga wa namna hiyo huanza kubadilika ladha ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu, wakati unga mweupe huvumilia miezi sita au zaidi.

Uangalie leo. Sawazisha uso wa unga kwa kisu hadi uwe laini kama meza, uache usiku mmoja. Asubuhi ukikuta vijia vyembamba, kuna kitu kinatembea chini. Ukikuta mabonge yaliyoshikana kwa utando kama wa buibui, hao ni viwavi wa nondo. Wadudu wakiwa wachache na harufu ni ya unga, chekecha utumie haraka. Ukinusa uchungu au ukiona ukungu, tupa wote na usiutafutie huruma. Sehemu iliyo safi ifunge kwenye mifuko ya kilo mbili isiyopitisha hewa, uiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka unga urudi kwenye joto la kawaida, la sivyo umande utauingia na ukungu utafuata.

Mafuta ndilo kosa la pili. Mkitumia lita moja kwa wiki, dumu litakaa karibu miezi mitano, na mafuta yaliyofunguliwa ni vizuri yaishe ndani ya miezi miwili au mitatu. Kila mnapofungua mfuniko hewa inaingia, na kadiri mafuta yanavyopungua ndivyo nafasi ya hewa inavyokuwa kubwa. Harufu ikifanana na karanga zilizokaa mno, yameharibika. Yahamishie kwenye chupa safi, kavu kabisa, zijae hadi shingoni, uzifiche mbali na jiko na mwanga. Yaliyokwisha kukaangia yasirudi humo hata kijiko kimoja, huyaharibu mapya.

Mchele mweupe ni chaguo zuri. Ukiwa mkavu na umefungwa hukaa zaidi ya mwaka. Ungekuwa wa kahawia, yaani usiokobolewa, ningekupa miezi sita tu. Ila usiuache kwenye gunia. Lita moja ya chombo hubeba takriban gramu 800 za mchele, kwa hiyo kilo 50 zinahitaji ndoo nne za lita 20 zenye mfuniko wa kubana. Tatu zitakuachia kilo mbili nje. Ziinue kutoka sakafuni juu ya chaga, ziache upana wa kiganja kutoka ukutani, na kila moja iandikwe tarehe. Mchele mpya usimwagwe juu ya wa zamani, mpaka ndoo iishe, ioshwe na ikauke. Wengi huharibikiwa hapo, kwa sababu wadudu wa chini hupata chakula kipya kila mwezi.

Karatasi hazina neno. Kama atataka kuongeza kitu, alete sabuni ya mche: ukiikata vipande na kuianika mahali penye hewa, inakuwa ngumu na hudumu zaidi majini. Dawa ya klorini na viungo vya kusaga asilete vingi. Ya kwanza hupoteza nguvu ikikaa miezi kadhaa kwenye joto, vya pili hupoteza harufu.

Turudi kwenye pesa. Nafuu ya 10% kwenye gunia ni kitu kizuri kama pesa ilikuwa imekaa bila kazi. Lakini mmekopa pesa ya dawa. Mkopo wa riba ya 5% kwa mwezi, mkiubeba miezi mitatu bila kupunguza deni, ni 15%. Nafuu ya gunia imeliwa, na ziada imetoka mfukoni. Mchele haulipi hospitali. Pesa ya dharura irudishwe kwanza, kisha itengwe pesa ya jumla peke yake, kidogo kidogo, na kikubwa kinunuliwe kimoja kwa wakati.

Usimwendee na maneno ya gunia, mwanangu, mwendee na daftari, na mchague saa ambayo hamjagombana. Kila kitu kiandikiwe siku kilipofunguliwa na siku kilipoisha, kwa miezi miwili. Aandike yeye, kwa kuwa ndiye anayependa hesabu. Kinachoisha kwa mwendo ule ule na hakiharibiki, akinunue kwa jumla bila kukuuliza. Kilichobaki kinunuliwe kidogo. Na lita kumi za yale mafuta mtafutieni nyumba ya kugawana nayo wiki hii hii, kwa bei ile ile aliyonunulia, dumu likiwa bado lina harufu nzuri.