Dawa ileile, mwili mwingine: majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Bibi yangu yuko Newala, ana miaka 78. Goti lilimuuma, tukamnunulia diklofenaki. Siku ya nne akavimba miguu, ila kipimo cha figo kilisema yuko sawa. (Mjukuu)

Mpe pole bibi, na hiyo diklofenaki aiache leo. Inapunguza damu inayofika kwenye figo, hivyo chumvi na maji hubaki mwilini. Figo za mzee zimeshachoka kiasi hata kama haumwi. Kipimo nacho kinaweza kudanganya: kinapima kreatinini, taka ya kwenye damu inayotoka kwenye misuli, na mzee aliyekonda ana misuli kidogo, kwa hiyo namba inatoka nzuri wakati figo ni dhaifu. Mrudisheni kituoni, mwombe mhudumu akokotoe uwezo wa figo kwa kuzingatia umri wake, apime na presha. Mpelekeni na dawa zote anazomeza, za presha hasa.

Nina mimba ya miezi sita, niko Nachingwea. Natumia lamotrijini, sijaruka hata siku moja, lakini kifafa kimerudi. (Mama kijacho)

Nakuamini, mama. Katika ujauzito damu huongezeka kwa karibu nusu, figo huchuja kwa kasi zaidi, na ini huivunja lamotrijini haraka kuliko zamani. Dozi iliyokutosha mwanzo sasa inaweza kuwa ndogo. Usiache dawa, usijiongezee mwenyewe. Nenda hospitali leo. Ukishajifungua, mwili hurudi hali yake ndani ya wiki chache, na dozi iliyoongezwa isipopunguzwa itakulevya. Hilo husahaulika sana, basi wakumbushe wewe.

Kichanga wangu wa wiki mbili ana homa. Nimkatie robo ya kidonge cha kaka yake?

Hapana. Ini na figo zake bado changa, dawa hukawia kutoka. Na homa katika umri huo ni dalili ya hatari: mpeleke hospitali sasa hivi.

Msimu wa korosho nakunywa uraka kila jioni, asubuhi kichwa kikigonga nameza paracetamol. Kuna ubaya? (Masasi)

Upo, kaka. Ini likiivunja paracetamol hutoa sumu kidogo, kisha huizima. Pombe ya kila siku huongeza sumu hiyo, na kulala bila kula hupunguza uwezo wa ini kuizima. Mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Mnywaji hushauriwa nusu ya hapo au pungufu. Angalia na dawa za mafua, nyingi zina paracetamol ndani. Macho yakiwa ya njano, wahi hospitali.