Yangeyange wa Kunduchi kutoka na ukungu kwenye picha

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue lenzi ya milimita 600 kwa kuwa ile ya 300 inakutolea yangeyange wenye ukungu pale Kunduchi, ufukweni Dar es Salaam, saa 6 mchana. Usinunue bado. Kosa ni saa unayokwenda. Jua la mchana likichemsha tope na mchanga, hewa ya juu yake inachezacheza, na lenzi ndefu inaukuza mchezo huo pamoja na ndege. Mimi mwenyewe nilishailaumu kamera miezi mizima!

Nenda saa 11 jioni, siku ambayo maji yanajaa saa hiyo. Bahari iko mashariki, kwa hiyo jua litakuwa mgongoni kwako, na maji yatawasukuma ndege ufukweni. Kaa chini, tulia, waje wenyewe. Ukiwafuata wataruka tu. Kasi ya shata (kifunguo cha kamera) isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde, wakiruka weka 1/2000, na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iache ipande hata 1600. Chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa zinavumilika, picha iliyotikisika haitibiki. Fokasi iwe jichoni.

Na usiende peke yako na kamera shingoni, tafadhali.