Wagonjwa peke yao hawatoshi

SWALI: Daktari, mimi ni tabibu hapa Tabora na ninajiendeleza kwa masomo ya shahada. Nakusudia kutafiti vihatarishi vya shambulio la kwanza la moyo kwa watu wazima, kwa kuwahoji wagonjwa wanaolazwa na kuhesabu wangapi wana presha au kisukari na wangapi wanavuta sigara. Je, mpango huu unatosha?

JIBU: Ndugu tabibu, hautoshi. Ukikuta wagonjwa 60 kati ya 100 wana presha, hutajua kama hao ni wengi mpaka ujue hali ya wenzao wa rika hilo ambao hawajawahi kupata shambulio. Utafiti wa INTERHEART, uliofanyika katika nchi 52 na kuchapishwa mwaka 2004, ulimlinganisha kila mgonjwa wa shambulio la kwanza na mtu wa jinsia yake aliyekaribiana naye umri. Tuseme kati ya watu wako 100 wa kulinganisha, 30 wana presha: gawanya 60 kwa 40, kisha 30 kwa 70, halafu jibu la kwanza uligawanye kwa la pili, nawe utapata 3.5, yaani uwiano unaoonyesha kwamba presha imeambatana zaidi na wagonjwa kuliko wenzao; ungekuwa 1, kusingekuwa na tofauti. Ukiwaoanisha mmoja mmoja hesabu hubadilika, hivyo mwone mtakwimu kabla ya kuanza, si baada ya kumaliza kama wanafunzi wengi wanavyofanya.

Kazi kubwa ni kuwapata hao wa kulinganishwa. Usiwachukue kliniki ya presha wala ya kisukari. Wodi ya mifupa inavutia kwa kuwa haikosi watu, lakini ina vijana wengi wa ajali za bodaboda, na ikiwa baadhi yao waliangushwa na pombe, unywaji utaonekana mwingi kwa wasio na ugonjwa wa moyo, nawe utahitimisha kimakosa kwamba pombe inaukinga moyo. Afadhali uchanganye wagonjwa wa maradhi mbalimbali yasiyohusiana na vihatarishi unavyovichunguza.

Katika vipimo, uliza historia ya presha kabla ya shambulio, kwa sababu moyo uliojeruhiwa unaweza kuishusha. Lehemu (kolesteroli) nayo hushuka baada ya siku ya kwanza, kwa hiyo damu ichukuliwe mapema. Shambulio lithibitishwe kwa kipimo cha umeme wa moyo na cha troponini, protini inayoingia kwenye damu misuli ya moyo inapojeruhiwa, maana si kila kifua kinachouma ni moyo. Kwa wakulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge, tenganisha swali la kulima na la kuvuta: anayeshika majani mabichi hupata nikotini kupitia ngozi, lakini havuti moshi. Aliyeacha sigara juzi kwa sababu ya maumivu asiandikwe kuwa si mvutaji.

Wanaofia nyumbani kabla ya kufika hospitali hawatakuwamo kwenye takwimu zako, kwa hiyo kichwa cha utafiti kitaje waziwazi kwamba unahusu waliofika wakiwa hai.