C imejaa nyekundu: mkuu, toa kwanza hiyo tiki kwenye Downloads

Mkuu, usibonyeze kitu. Toa tiki kwenye Downloads. Itoe sasa hivi, halafu urudi usome.

Nimeiangalia picha uliyoweka. SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya GB 128, C, yaani sehemu yenye Windows, imebaki na GB 2, umeingia kwenye mipangilio ya hifadhi, umefika kwenye ile orodha ya mafaili ya muda, umetiki visanduku vyote kuanzia juu mpaka chini halafu unatuuliza "nibonyeze tu?" Najua zile GB 38 za Downloads ndizo zilizokutoa macho. Hata mimi zilinitoa. Sasa hizo si takataka za Windows, ni vitu vyako wewe.

Mwaka 2019 nilikuwa na mashine kama hiyo hiyo. Simu yangu nayo ilikuwa inajaa kila wiki, nikajiona mjanja: nafungua WhatsApp kwenye kompyuta, napakua picha na sauti, nikishaona zimeshuka nazifuta kwenye simu. Mzee wangu hakuwa mtu wa kuandika meseji, yeye alikuwa anarekodi. Dakika tatu, nne, anaeleza mpaka wa shamba umepita wapi, nani anadaiwa magunia mangapi, anakohoa, kisha "haya baba, lala salama". Alifariki Februari mwaka ule ule. Sauti zake zote zilikuwa Downloads, pamoja na skani za vyeti vyangu na karatasi za mauziano ya kiwanja. Kwa nini Downloads? Kwa sababu vitu vikishuka ndiko vinakotua, na mimi ni mtu wa "nitapanga Jumamosi".

C ikawa nyekundu. Nikaipeleka kwa fundi Kariakoo, jamaa ana meza, ana bisibisi za kila saizi, anajiamini kuliko rubani. "Bosi, hizi zote za muda, tunatiki zote." Pale kwenye Downloads kuna maandishi yanayoonya kabisa kwamba hayo ni mafaili yako binafsi. Akayapita kama bango la "usikojoe hapa". Mimi niko pembeni na soda yangu, naona GB zinarudi, nafurahi. Nikamlipa elfu ishirini. Yaani nililipa mtu anizikie mzee mara ya pili, na chenji nikamwachia.

Nilikuja kushtuka siku nne baadaye. Nikakimbilia pipa la takataka: tupu. Ukifuta kwa njia ile, hakuna kinachopitia kwenye pipa. Nikamrudia fundi. "Dogo hilo, kuna programu ya kurudisha." Akaipakua na kuiweka palepale kwenye C, juu ya kaburi tulilotaka kulifukua! Na hata angeiweka kwingine sidhani kama ingesaidia. Zile diski za zamani zinazozunguka, ukifuta faili kinachofutwa ni anwani yake tu, data yenyewe inakaa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo unaweza kubahatisha. SSD ni habari nyingine. Windows inaiambia kwa amri inayoitwa TRIM kwamba vyumba fulani havina mwenyewe tena, na diski inavifagia yenyewe. Siku nne nzima ilikuwa inafagia. Programu ikaleta majina ya mafaili, nikaanza kutetemeka kwa furaha. Nafungua la kwanza, sekunde sifuri. La pili, sifuri. Fundi akanitazama usoni akasema "labda yalikuwa na virusi". Virusi! Na mpaka leo ana meza.

Simu ya mzee? Ilishafutwa ikawekwa upya, akapewa mdogo wangu.

Mke wangu siku hizi nikishika ufagio ananiuliza nimetiki wapi. Nacheka naye, nifanyeje.

Kwa hiyo mimi nina sheria moja na sitaki ubishi: hufuti siku ile ile uliyopata wazo la kufuta. Tafuta diski ya nje, nakili, ichomoe, kaichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue mafaili. Sisemi uangalie majina, majina hata mimi nilikuwa nayo. Fungua, sikiliza, tazama. Kaa wiki. Ndipo ufute. Na asije mtu hapa chini akakwambia "hamishia D". Kama D ni kipande cha diski ile ile, basi umetoa kitanda chumbani ukakiweka sebuleni, nyumba ikiungua vyote vinaungua. OneDrive nayo, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ukifuta faili ndani ya folda yake, linafutika na kule mtandaoni. Lipo chaguo la kuliacha kule na kuachia nafasi ya kwenye mashine, tumia hilo.

Ukitaka nafasi ya haraka bila kugusa vya kwako, tiki mabaki ya toleo la zamani la Windows kama yapo. Halafu fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, andika powercfg /h off. Faili la hiberfil.sys litaondoka, kwa mashine ya RAM GB 8 ni kama GB 3 hivi. Utakosa ule usingizi mzito wa mashine (hibernate) na kuwaka haraka, basi.

Uliuliza na habari ya feni, puliza vumbi mashine ikiwa imezimwa. Kulikuwa na swali jingine hapo katikati, nimeandika mpaka chai imepoa na silikumbuki.

Umeshaitoa tiki? Weka picha nyingine tuione.